Desibeli 54 zilipimwa wapi, na saa ngapi?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Ruvuma. Tangu mwaka juzi kuna mgodi wa makaa ya mawe umefunguliwa ng'ambo ya bonde, kama mita 650 kutoka nyumba za walimu. Mchana tumeshazoea. Taabu ni usiku: mngurumo hauishi, na tipa zikirudi nyuma zinalia pii-pii hadi alfajiri, hasa miezi hii ya baridi. Tulilalamika. Akaja mtu na kipima sauti, akasimama ofisi ya kijiji saa 5 asubuhi kwa muda mfupi, akaondoka. Wiki mbili baadaye tukaletewa barua: desibeli 54, ndani ya viwango. Je, wanatudanganya? Na sisi tufanyeje?"

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Sidhani kama wamewadanganya. Naamini kabisa kipimo kilisoma 54. Shida ni kwamba 54 hiyo ni jibu la swali ambalo hamkuuliza. Nyinyi mliuliza: usiku, nyumbani kwetu, mgodi unatutia kelele kiasi gani? Wao wakajibu: asubuhi, pale ofisi ya kijiji, kulikuwa na sauti kiasi gani? Pikipiki iliyopita imo humo, mashine ya kusaga imo, na salamu za watu zimo.

Tena barua yenyewe inasema zaidi ya ilivyokusudia. Kanuni za Tanzania za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo ni za mwaka 2015, zimetungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na zinagawa maeneo kwa makundi. Hospitali, shule na maktaba ziko kundi lenye ukali kuliko yote: desibeli 45 mchana, 35 usiku. Nyumba za makazi: 50 mchana, 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 na 45. Makazi yaliyochanganyika na viwanda vidogo na biashara: 60 na 50. Eneo la viwanda: 70 na 60. Mchana hapo ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku.

Sasa chukua 54 uiweke kwenye orodha hiyo. Kwa shule imezidi. Kwa nyumba za makazi imezidi. Ili iwe "ndani ya viwango" ni lazima aliyeandika barua awe amekiweka kijiji chenu kwenye kundi la mchanganyiko au la viwanda. Nani aliamua hivyo, lini, na kwa ramani ipi? Hilo ndilo swali la kwanza la kuwaandikia, na wala halihitaji kipimo chochote. Nimeona mara nyingi hoja ya namna hii: kwa kuwa sasa mgodi upo, basi eneo limekuwa la viwanda. Kwa hoja hiyo mwenye kelele ndiye anayejipangia kiwango chake, na kadiri anavyopiga kelele ndivyo anavyoruhusiwa kuipiga. Kijiji kilichokuwa cha wakulima wa kahawa na mahindi kabla ya mgodi kinapaswa kupimwa kama makazi, isipokuwa mpango wa matumizi ya ardhi umesema vinginevyo.

Nikwambie na langu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kwenda kupima kelele ya awali ya kijiji kimoja, yaani hali ilivyo kabla mradi haujaanza, kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira. Dereva alitaka turudi mjini kabla ya giza. Nikapima mchana sehemu tano, dakika kumi kumi, na kwenye jedwali la usiku nikaweka namba mbili za saa 1 jioni. Ripoti ikapita. Hakuna aliyeuliza. Kijiji kile kwenye karatasi kina usiku wenye redio, watoto wanaocheza na mama wanaotwanga. Kelele yoyote itakayokuja baadaye italinganishwa na jioni ile, na itaonekana ndogo. Kwa hiyo nikikushauri utafute ripoti ya tathmini ya mgodi wenu na uangalie saa za vipimo vya "usiku", ujue nakushauri kutokana na dhambi ninayoijua.

Tuje kwenye sauti yenyewe, maana ukielewa mambo matatu hivi, hakuna mtaalamu atakayekuzungusha.

La kwanza ni hesabu ya desibeli, ambayo haifuati hesabu ya sokoni. Mitambo miwili yenye kelele sawa haizidishi desibeli mara mbili. Inaongeza 3 tu. Mitambo kumi inaongeza 10, na kwa sikio la mtu hiyo 10 husikika kama sauti imekuwa maradufu. Upande wa umbali, kwa chanzo kimoja kilichosimama mahali, kila umbali ukiongezeka maradufu unapunguza kama desibeli 6. Tuseme ekskaveta inasoma 82 ukiwa mita 10. Mita 20 ni 76. Mita 40 ni 70. Mita 80, 64. Mita 160, 58. Mita 320, 52. Mita 640, ambayo ndiyo kama hapo kwenu, 46. Ongeza tipa nne zenye kelele kama hiyo ziwe mitambo mitano, unapanda kwa desibeli 7: tayari 53. Hewa na majani yatapunguza kidogo, na kilima kikikata mstari wa macho kitapunguza zaidi, lakini unaona mwenyewe kwamba kufika 35 usiku kwa umbali wa mita 650 pasipo hatua zozote za makusudi ni ndoto. Hesabu hii angeweza kuipiga mtu yeyote kabla leseni haijatolewa, kwa kalamu na nyuma ya bahasha.

La pili, bonde lenu. Umeandika "hasa miezi hii ya baridi", na kwangu hayo ndiyo maneno yenye thamani kuliko yote katika barua yako. Mchana jua linapasha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, na sauti hujipinda kuelekea angani. Sehemu yake inawapita juu ya vichwa. Usiku wa kipupwe, mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, mambo hugeuka. Ardhi inapoa haraka, hewa baridi inateremka milimani na kulala bondeni, na juu yake inakaa hewa yenye joto zaidi. Sauti ikipanda inajipinda na kurudishwa chini. Bonde linakuwa kama chungu kilichofunikwa. Mngurumo uleule wa mashine zilezile, bila dereva kuongeza hata mafuta kidogo, unaweza kufika kwenu ukiwa umepanda desibeli 5 hadi 10. Ndiyo maana asubuhi yenye ukungu uliolala bondeni mnasikia hata mlango wa tipa ukibamizwa, na saa 5 jua likishapanda mtu anakuja na kipimo anashangaa mnalalamika nini.

Hili si jambo la ushirikina wala la watu wenye chuki na mwekezaji. Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ambako bonde la Hunter limejaa migodi ya wazi ya makaa ya mawe na vijiji vyake vimelumbana nayo kwa miongo, sera ya kelele za viwanda ya mwaka 2017 inamtaka mwenye mgodi achunguze ni mara ngapi hali hiyo ya hewa hutokea usiku. Ikiwa ni ya kawaida mahali pale, makadirio ya kelele lazima yafanywe kwa usiku wa namna hiyo, pamoja na ule upepo mwepesi unaoteremka bondeni. Baadhi ya migodi ya huko ina vipima sauti vinavyotuma taarifa papo hapo. Hali ya hewa ikigeuka, msimamizi wa zamu anasimamisha baadhi ya mitambo au anaihamishia sehemu ya chini. Gharama ipo, ndiyo. Wanaihesabu kama wanavyohesabu dizeli.

La tatu ni wadudu. Usicheke. Nenda nje usiku wa masika ukiwa na kipima sauti, mgodi ukiwa umezimwa kabisa: nyenje na vyura peke yao watakupa 45 au zaidi. Hapo mtu atakwambia, "Mwalimu, porini kwenyewe kumeshazidi 35, mgodi umeongeza nini?" Hoja hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana ni hatari. Nyenje wanalia sauti nyembamba, ya juu sana. Tipa na buldoza zinanguruma sauti nzito, ya chini. Sauti nyembamba haifuniki nzito. Sikio linazisikia zote mbili kwa wakati mmoja, kama unavyosikia zeze na ngoma katika wimbo mmoja. Tena sauti nzito ndiyo inayopenya ukuta na bati. Kipimo cha kawaida, kile kinachoandikwa dB(A), kimetengenezwa kiyape uzito mdogo masafa ya chini, kwa hiyo kinaihesabu kelele ya nyenje karibu yote na kuipunguza ile ya mgodi. Dawa ipo: kipimo hichohicho kinaweza kusoma kwa mizani nyingine, dB(C), isiyopunguza sana sauti nzito. Tofauti kati ya C na A ikifika 15 au zaidi, New South Wales wanaichukua kama dalili ya kuchunguza mngurumo mzito, na ukithibitika kipimo huongezewa desibeli 2 au 5 za adhabu kabla ya kulinganishwa na kiwango. Waombeni wapimaji wenu waandike zote mbili. Kubonyeza kitufe hicho hakugharimu kitu.

Hapa niseme kidogo kuhusu namna nchi zinavyofikiri, maana kuna njia mbili na kila moja ina upofu wake. Njia yetu ni kuweka namba moja: makazi usiku 35, basi. Ni rahisi kusimamia lakini, kama ulivyoona na nyenje, namba inaweza kuwa chini ya hali halisi ya mahali na hivyo kila mtu akaizoea kuivunja. Miongozo ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ni ya mwaka 2007 na inatoa 55 mchana na 45 usiku kwa makazi, au kelele isizidi ile iliyokuwepo kwa zaidi ya desibeli 3. Ukiona ripoti ya mgodi imenukuu 45 za usiku, imechukua za IFC. Zinafaa kwa mkopeshaji, ila hazifuti sheria ya nchi.

Njia ya pili ni kuanza na kimya cha mahali. New South Wales wanapima kelele ya asili, ile inayobaki kwa asilimia 90 ya muda, na kuruhusu mgodi uongeze desibeli 5 tu juu yake, kwa kipimo cha kila dakika 15. Ikithibitika kwamba mgodi utazidi kiwango hicho kwa zaidi ya desibeli 5 nyumbani kwako, sera yao inaweza kukupa haki ya kudai mgodi ununue nyumba yako. England wana kanuni laini zaidi kwa mchana, desibeli 10 juu ya kelele ya asili na isivuke 55, lakini usiku wanafunga kabisa kwenye 42 kwa wastani wa saa moja. Wales, baada ya kuzungukwa na makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja, waliweka mwaka 2009 mwongozo wa kuacha ukanda wa mita 500 kati ya machimbo ya wazi na makazi. Nyinyi mko 650. Kwa Wales mngepita mtihani huo wa kwanza, na bado wangewapimia kelele.

Usidhani kwamba wenzetu hao wamemaliza shida. Kijiji cha Bulga, huko bonde la Hunter, kilipinga upanuzi wa mgodi wa Warkworth mahakamani, na Aprili 2013 Jaji Brian Preston akakataa upanuzi. Kelele na vumbi vilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na madhara kwa jamii na kwa misitu. Rufaa ya mwaka 2014 ikashindwa. Mwaka 2015 upanuzi ukaidhinishwa kwa maombi mapya. Nakutajia kesi hii ili ujue kwamba hata penye vipimo vya kila dakika 15, bado watu hukaa kwenye viti virefu wakibishana usiku wa kijiji una thamani gani.

Upande wa afya, Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilitoa mwongozo kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele ya kuendelea isizidi 30, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Kwa Ulaya, mwaka 2009, likapendekeza wastani wa usiku nje ya nyumba usizidi 40. Namba hizo za nje zinategemea nyumba inazuia nini. Mahesabu ya aina hiyo hudhani kwamba nyumba yenye dirisha lililofunguliwa kidogo inapunguza kama desibeli 15. Nyumba za walimu ninazozijua mimi zina bati lisilo na dari, matundu ya hewa juu ya ukuta, na dirisha la nyavu. Hapo sidhani kama mnapata hata 10. Kelele ya 46 nje inaweza kuwa 38 kitandani. Mwandike hili, maana mpimaji anayetoka mjini na kulala hoteli yenye vioo halimjii akilini.

Sasa, mfanyeje.

Anzeni na daftari kabla ya kipimo. Kaya tano au sita, wiki tatu, kila moja iandike yenyewe bila kunakili ya jirani: tarehe, saa, aina ya sauti (mngurumo, rivasi yaani pii-pii ya kurudi nyuma, kubamizwa kwa bodi la tipa, krasha yaani mashine ya kuponda makaa), mbingu ilikuwaje, kulikuwa na ukungu au upepo, na kelele ilifanya nini, kwa mfano mtoto aliamka au mlishindwa kulala tena. Msiandike "kelele nyingi sana". Andikeni "niliamshwa saa 8:20 usiku, rivasi, ilirudia mara kumi na mbili, ukungu". Usiku wenye nafuu nao uandikwe. Daftari lisilo na usiku mwema hakuna anayeliamini. Programu ya simu ya kupima sauti inaweza kuwasaidia kulinganisha usiku huu na ule kwa simu ileile, mahali palepale. Namba yake msiipeleke kama ushahidi, watawashika hapo na kuacha mengine yote.

Kisha ombeni kipimo kipya, na ombi lenu lieleze sharti kwa sharti. Kipimo kifanyike nje ya nyumba za walimu, mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini na angalau mita 3.5 kutoka ukutani, kwa sababu ukuta unarudisha sauti. Kifanyike kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, usiku usiopungua mitatu, na angalau mmoja uwe wa mbingu wazi usio na upepo. Mvua ikinyesha au upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, kipimo hicho kitupwe. Kifaa kiwe na cheti hai cha urekebishaji, na mpimaji akihakiki mbele yenu kwa kile kidude kinachotoa mlio maalumu wa desibeli 94, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Taarifa itoe namba tatu, siyo moja: wastani wa nishati ya sauti (wanauandika LAeq), kelele ya chini inayobaki wakati mwingi (LA90), na kilele (LAmax). Wastani peke yake unameza rivasi. Mlio wa nusu dakika ndani ya saa moja ya utulivu unaweza usiusogeze wastani kwa kiasi cha kutisha, ilhali mlio huo ndio uliokuamsha.

Mambo mawili watu huyasahau. Orodha ya mitambo iliyokuwa ikifanya kazi usiku ule na ilikuwa wapi. Bila hiyo, mgodi ukiegesha tipa tatu usiku wa kupimwa, mtajuaje? Waambieni mtalinganisha na kumbukumbu za zamu za wiki iliyotangulia. Na la pili, wazime. Katikati ya usiku, kwa nusu saa, mitambo yote isimame na kipimo kiendelee. Tuseme na mgodi mmesoma 47, bila mgodi 38. Kwa hesabu ya desibeli, mgodi peke yake ni kama 46. Hapo ubishi wa nyenje umekwisha, na kazi imechukua nusu saa.

Kama kuna mgodi wa pili karibu, na Ruvuma siku hizi leseni zimepakana, tangu makaa yalipoanza kusafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara, msikubali kila mmoja apimwe kivyake. Wawili wenye 48 kila mmoja wanawapa 51, na kila mmoja atakuja na barua yake safi. Na malori ya barabarani yahesabiwe pia. Barabara ni chanzo kirefu, kelele yake hupungua kwa desibeli 3 tu kila umbali unapokuwa maradufu, kwa hiyo inasafiri kuliko mnavyodhani.

Barua yenu ipelekeni kwa serikali ya kijiji ijadiliwe na kuandikwa kwenye muhtasari, nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri, kwa baraza la mazingira la taifa ambalo wengi tunalijua kwa jina la NEMC, na kwa ofisi ya madini ya mkoa iliyo chini ya Tume ya Madini. Humo ombeni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na masharti yake, mpango wa usimamizi wa mazingira, na taarifa za ukaguzi wa kila mwaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Mara nyingi masharti ya cheti ni makali kuliko mgodi unavyopenda mkumbuke; nimeona vyeti vinavyotaja saa za kazi ambazo hakuna kijijini aliyewahi kuambiwa.

Mkifika mezani, msiende na ombi la "kelele iishe". Haitaisha, na mtarudi mikono mitupu. Nendeni na vitu.

Rivasi kwanza, kwa sababu ni rahisi. Kengele ile ya pii-pii ni ya usalama, haiwezi kung'olewa; mtu atakanyagwa. Lakini zipo zinazotoa sauti ya "shhh-shhh" badala ya mlio mmoja mkali. Aliye nyuma ya tipa anaisikia vizuri, na ikifika mita mia kadhaa imeshamezwa. Pia njia za ndani ya mgodi zinaweza kupangwa tipa zizunguke badala ya kurudi nyuma.

Halafu lundo la kifusi. Hili watu wengi hawalioni. Mgodi wa wazi unapoanza, mitambo iko juu ya ardhi na kelele inatoka moja kwa moja. Shimo likizama, kuta zake zinakuwa kinga. Wakati huohuo, udongo na mawe yaliyofunika makaa yanarundikwa pembeni, lundo linapanda mwaka hadi mwaka, na tipa zinamwaga juu kabisa, mahali pa wazi kuliko pote katika bonde zima. Nadhani sehemu kubwa ya kelele yenu inatoka huko, wala siyo shimoni. Simama mlangoni kwako usiku: ukiona taa za tipa, basi kelele yake inakuona pia. Dawa yake ni kuwa na sehemu mbili za kumwaga, ya juu itumike mchana tu na ya chini, nyuma ya lundo, itumike usiku. Na kwenye ukingo unaowatazama wajenge tuta kwa kifusi hichohicho, wakilijenga mchana. Tuta likikata tu mstari wa macho linatoa kama desibeli 5. Likiinuka zaidi, linafika 10. Malighafi wanayo bure.

Watawaahidi miti. Pokeeni, miti ni mizuri, inapunguza vumbi na inaficha sura. Ila safu mbili za mikaratusi haziondoi kelele ya maana. Inahitaji msitu mzito wa makumi ya mita kupata desibeli chache. Ahadi ya miti isihesabiwe kama hatua ya kelele.

Krasha na chekeche kuzimwa saa 4 usiku, jenereta kujengewa kibanda na kufungwa ekzosi nzuri, mashimo ya barabara ya ndani kuzibwa ili bodi tupu zisigonge. Hayo yote ni ya wiki chache.

Kuhusu baruti hukuuliza, kwa hiyo nigusie tu. Mlipuko una kanuni zake: hupimwa kwa mtetemo wa ardhi na kwa mshindo wa hewa, na hauingizwi kwenye wastani wa usiku. Majirani zetu Kenya, katika kanuni zao za 2009, waliweka mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde kwenye mpaka wa eneo, na Australia mwongozo wao uko kwenye milimita 5 kwa sekunde, ambayo ni kitu kilekile. Wakianza kulipua, pigeni picha nyufa zote za nyumba na madarasa kabla ya mlipuko wa kwanza, zenye tarehe na rula pembeni ya ufa. Baada ya hapo umechelewa.

Mwisho, Mwalimu, umesema mchana mmezoea. Usiiandike hiyo popote. Shule yako iko kwenye kundi la 45 mchana, na darasa lenye watoto wengi na bati lisilo na dari linahitaji kila desibeli linaloweza kuipata. Mtakapoomba kipimo cha usiku kwenye nyumba za walimu, ongezeni mstari mmoja: na darasa la kwanza, saa 3 asubuhi, siku ya masomo, madirisha wazi. Ripoti ikifika nitumie ukurasa wenye jedwali la mahali na saa. Wa hitimisho unaweza kubaki nao.